Feni ya Kabati la Uyoga Inapiga Kelele? Mwongozo Kamili wa Kuituliza Bila Kuunyima Uyoga Hewa

Picha ninazotumiwa zinafanana. Kabati la uyoga kwenye kona ya sebule, feni juu yake, na feni yenyewe imefungwa blanketi kama mtoto mwenye homa. Chini ya picha kuna ujumbe: nimeifunika lakini bado inalia, na sasa uyoga unatoka na mashina marefu, vikofia vidogo kama vifungo vya shati. Nifanyeje?

Anza kwa kufungua hilo blanketi. Limeziba hewa na kuipasha mota joto, na kelele nyingi hata hazikuwa zikipitia hapo. Mashina marefu na vikofia vidogo ni dalili kwamba uyoga umekosa hewa safi.

Mwongozo huu ni wa kabati la uyoga wa mamama (oyster) ndani ya nyumba, hasa nyumba za kupanga ambako jirani yuko ukuta wa pili. Ukiwa na kabati la miche lenye taa, hatua nyingi ni zilezile, ila huna unyevu mkali wala vumbi la uyoga la kukusumbua. Fuata mpangilio wa hatua ulivyo. Wanaoshindwa wengi ninaowaona huruka hatua tatu za kwanza na kukimbilia kujenga boksi.

## Vifaa vya kuandaa kabla hujagusa kitu

Feni na umeme

- Feni ya kompyuta ya milimita 120, ya volti 12. Kwenye maduka ya vipuri vya kompyuta (kwa Dar, Kariakoo zipo tele) hata iliyotumika inafaa, mradi izunguke bila kukwaruza.
- Adapta ya kuchagua volti, kuanzia 3 hadi 12, yenye uwezo wa ampea 1.
- Taima ya soketi, ukitaka. Nitaeleza kwa nini mimi siitumii usiku.

Ujenzi

- Plaiwudi ya milimita 18. Ya milimita 12 inafaa pia, ila ni nyepesi, na wepesi hauzuii sauti.
- Sponji ya godoro chakavu: unene wa sentimita 4 kwa kuta, sentimita 2 kwa vizuizi, na kipande kimoja cha sentimita 5.
- Skrubu, gundi ya mbao, silikoni na bomba lake la kusukumia.
- Mkanda wa sponji wa kuziba kingo za mlango.
- Bomba la PVC la inchi 4 na kona zake mbili, la kutolea hewa.
- Neti ya mbu na kitambaa chepesi cha kuchujia vumbi.
- Mpira wa manati au tyubu ya baiskeli, kwa wenye feni ya bomba ya umeme wa ukutani.

Vya kupimia na kujikinga

- Simu yenye programu ya kupima desibeli. Usiiamini namba yenyewe, maana maikrofoni ya simu haikutengenezwa kwa kazi hiyo. Amini tofauti kati ya kabla na baada.
- Barakoa. Vumbi la uyoga, yaani spora, likivutwa kila siku huumiza mapafu, na wafanyakazi wa mashamba makubwa ya uyoga wana ugonjwa wa mapafu unaotajwa kwa kazi yao.
- Mafuta ya cherehani na brashi laini.

## Hatua ya 1: Piga hesabu ya hewa unayohitaji kweli

Hapa ndipo kelele nyingi hufia, kabla hujakata hata ubao mmoja.

Pima kabati lako kwa ndani. Langu lina upana wa mita 1.2, kina cha mita 0.8 na urefu wa mita 2.2. Zidisha: unapata mita za ujazo 2.1. Mamama akiwa anachipua anahitaji hewa ibadilishwe kama mara 4 hadi 8 kwa saa. Chukua 6, zidisha na 2.1, unapata kama mita za ujazo 13 kwa saa.

Sasa tazama boksi la ile feni ya chooni ya inchi 4 uliyonunua. Kwa kawaida limeandikwa kiasi cha mita za ujazo 90 hadi 100 kwa saa. Umenunua hewa mara saba ya unayohitaji, na kelele zake umeuziwa humohumo. Tena hewa hiyo ya ziada inakausha kabati, ndiyo maana unapulizia maji kila saa na kingo za uyoga bado zinapasuka.

Kupunguza kasi kunasaidia kuliko jambo lolote lingine katika mwongozo huu. Feni ikishushwa hadi nusu ya mzunguko wake, hewa inapungua nusu, lakini kelele zinashuka kama desibeli 15. Sikio la mtu huhisi desibeli 10 kama sauti imepungua nusu, kwa hiyo 15 ni zaidi ya hapo. Umeme unaoliwa na panga nao unashuka hadi sehemu moja ya nane.

Ndiyo maana ninapendekeza feni ya kompyuta ya milimita 120. Panga lake ni pana, kwa hiyo linaweza kwenda polepole na bado likasogeza hewa ya kutosha. Feni ndogo inayokimbia italia zaidi kuliko kubwa inayotembea, hata zikitoa hewa sawa.

Umefaulu ukiwa na namba moja kwenye karatasi: mita za ujazo ngapi kwa saa. Kama feni yako inatoa mara mbili au tatu ya namba hiyo ikiwa wazi, inatosha. Nyingine italiwa na kichujio na kona.

## Hatua ya 2: Jua ni kelele ya aina gani

Kelele za feni ni za aina nne na kila moja ina dawa yake. Zima redio, subiri usiku, kisha fanya hivi.

Ing'oe ilipofungwa uishike mkononi ikiwa inazunguka. (Ya volti 12 haina tatizo. Ya umeme wa ukutani, zima, chomoa, ilaze juu ya mto, ndipo uwashe.) Ngurumo ikipotea, tatizo ni mtetemo: kabati lilikuwa linaimba kama ngoma. Tatizo hili ndilo ninalolikuta mara nyingi zaidi, na blanketi haligusi hata kidogo.

Sikiliza kama ni upepo. Sauti ya "shhh" inayobaki hata feni ikiwa mkononi ni ya hewa yenyewe. Dawa yake ni kasi ndogo, njia pana, na boksi la hatua ya 6.

Sikiliza kama ni mlio wa "mmmm" usiobadilika. Huo ni wa umeme. Umeme wetu ni wa hezi 50, na mota na transfoma huvuma kwa hezi 100. Ukiongezeka pale unapopunguza kasi kwa kidhibiti cha mwanga wa taa (dimmer), mkosaji ni kidhibiti.

Zungusha panga kwa kidole feni ikiwa imezimwa. Ukisikia mkwaruzo au panga likisimama ghafla badala ya kupungua taratibu, beringi imechoka.

Andika unachosikia. Kisha weka simu mahali pamoja, mita moja kutoka kwenye kabati, pima, na uandike. Pima pia ukiwa umeisogeza karibu na ukuta wa jirani. Huko ndiko malalamiko yatakakotoka.

## Hatua ya 3: Safisha, na amua feni ikae upande gani

Kama feni yako inanyonya hewa kutoka ndani ya kabati kwenda nje, ifungue uangalie mapanga. Utakuta unga mweupe umegandamana, mwingi upande mmoja kuliko mwingine. Ni spora. Kofia moja ya mamama iliyokomaa huangusha spora nyingi ajabu, na zikichanganyika na unyevu zinashika panga kama unga wa ngano kwenye mwiko. Panga likiwa zito upande mmoja feni yote inatikisika, na beringi inakufa mapema.

Safisha kwa brashi kavu, kisha kitambaa chenye spiriti kidogo. Vaa barakoa. Shikilia panga lisizunguke unapolifuta.

Feni ya kompyuta ya bushi (isiyo na gololi ndani) inayokwaruza inaweza kufufuka: bandua stika ya katikati, ukikuta kitundu dondosha tone moja la mafuta ya cherehani, rudisha stika. Usitumie mafuta ya kupikia, yanaganda. Usitumie dawa ya kulegeza kutu, inayeyusha grisi kisha inakauka. Ya beringi za gololi ikishaanza kulia, nunua nyingine.

Halafu amua jambo hili, kwa sababu hatua zote zinazofuata zimejengwa juu yake: feni isukume hewa safi kuingia, isinyonye hewa chafu kutoka. Sababu ni tatu. Mapanga hayakutani na spora. Feni na sponji vinabaki kwenye hewa kavu ya sebuleni badala ya unyevu wa asilimia 85 hadi 95. Na hewa inayoingia unaweza kuichuja, hivyo visubi na ukungu wa kijani vinapata kazi kupenya.

Ipo gharama. Kabati likisukumiwa hewa, kila upenyo utatoa spora nyumbani mwako. Kwa hiyo ni lazima mlango uzibwe na bomba la kutolea lifike nje ya dirisha. Kama huwezi kufikisha bomba nje, usifuate mpangilio huu; baki na feni ya kunyonya na uisafishe kila wiki. Na vyovyote uwavyo, vuna kabla kingo za kofia hazijanyooka na kuanza kujikunja juu. Uyoga uliovunwa kwa wakati haujaangusha spora nyingi, na sokoni unadumu zaidi.

Umefaulu panga likizunguka kwa kidole kimoja na kuendelea lenyewe kwa sekunde kadhaa, bila mkwaruzo.

## Hatua ya 4: Shusha kasi

Unganisha feni ya kompyuta na adapta. Waya mweusi wa pembeni ni hasi. Unaoufuata ndio chanya, uwe mwekundu (feni za nyaya tatu) au wa njano (nyingi za nyaya nne). Usiende kwa rangi ya njano peke yake, kwa kuwa kwenye feni za nyaya tatu njano ni waya wa kuhesabia mzunguko. Nyaya zilizobaki zifunge kwa mkanda wa umeme, hazina kazi hapa.

Anza na volti 12, sikiliza. Shuka hadi 9. Shuka hadi 7 au 6, kadiri adapta yako inavyoruhusu. Kila unaposhuka, shika kipande chembamba cha karatasi ya choo mbele ya feni uone bado kinapepea.

Onyo: feni inaweza kuendelea kuzunguka kwa volti 5 lakini isiweze kuanza kwa volti hizo. Umeme ukikatika saa nane usiku na kurudi, feni inabaki imesimama, wewe umelala ukishukuru kwa utulivu. Asubuhi kabati limejaa hewa nzito. Kwa hiyo chomoa na kuchomeka mara kumi kwenye volti uliyochagua. Ikigoma kuanza hata mara moja, panda ngazi moja.

Kwa mwenye feni ya bomba ya umeme wa ukutani: tumia kidhibiti kilichokuja nayo, au nunua feni yenye kasi mbili au tatu. Kidhibiti cha taa kinakata-kata umeme na mota inavuma vibaya zaidi, tena inachemka. Regyuleta ya feni ya dari nayo imepimwa kwa mota kubwa. Kwenye feni ndogo mara nyingi haitii. Niliwahi kuifunga moja nikajiona fundi. Kwenye namba moja feni ilikuwa inavuma bila kuzunguka, na mota ilikuwa moto kiasi cha kuunguza kidole.

Umefaulu ukisimama mita mbili na kusikia upepo tu, bila mvumo, na karatasi bado inapepea.

Pumzika hapa. Washa kabati, funga mlango, kalale. Watu wengi hawahitaji kwenda mbali zaidi ya hapa, na sitaki ukate plaiwudi bure.

## Hatua ya 5: Tenganisha feni na mbao

Feni iliyofungwa kwa skrubu kwenye ubao imekuwa kitu kimoja na ubao. Ubao ni mpana, unasukuma hewa nyingi kuliko panga, kama spika. Ndiyo sababu kelele za kwenye kabati zinaonekana kubwa kuliko za feni ikiwa mezani.

Feni ya kompyuta. Chukua kipande cha sponji cha sentimita 5. Kata katikati tundu la mraba lenye upande wa sentimita 11.5, dogo kidogo kuliko feni. Isukume feni ndani kwa nguvu. Inashikwa na sponji pande zote nne, haigusi skrubu wala mbao. Hakikisha sponji haijaingia kwenye njia ya panga. Pitisha kidole kuzunguka ukingo wote kabla hujawasha.

Feni ya bomba. Ining'inize. Kata vipande vinne vya mpira wa manati vya urefu sawa, funga viwili mbele na viwili nyuma, na vitundike kwenye misumari iliyo juu ya kabati au, bora zaidi, kwenye ukuta usio wa jirani. Mpira unyooke kiasi lakini usikaze hadi mwisho. Uliokazwa kabisa unapitisha mtetemo kama waya. Ongeza kamba ya usalama iliyolegea, maana mpira hukauka na kukatika, na feni ya kilo mbili ikianguka juu ya mifuko ya uyoga utalia wewe badala ya feni. Kati ya feni na kabati tumia bomba laini la kunyumbulika, lililonyooka bila mikunjo. Bomba gumu litaurudisha mtetemo wote ulioufukuza.

Kipimo: weka kiganja kwenye ubavu wa kabati. Kabla ya hatua hii ulihisi msisimko. Sasa usihisi chochote. Kiganja hapa ni bora kuliko programu ya simu.

Na kabati lenyewe lisiguse ukuta wa jirani. Acha nafasi ya vidole vitatu, na chini ya miguu weka vipande vya mpira wa tairi.

## Hatua ya 6: Jenga boksi la kunyamazisha

Sasa tunashughulika na "shhh" iliyobaki. Wazo ni rahisi: hewa inakubali kupinda kona, sauti nyembamba inapinda kwa shida. Ukiilazimisha ipite njia ya nyoka iliyotandikwa sponji, kila ikigonga inamezwa.

Boksi langu kwa ndani ni sentimita 60 urefu, 35 upana, 30 kimo. Liweke juu ya kabati au ubavuni, upande wa kuingizia hewa. Mpangilio ni huu: hewa ya chumba inaingia boksini, inapita njia ya nyoka, inaikuta feni mwishoni, ndipo inaingia kabatini.

1. Kata mbao sita za boksi. Unganisha tano kwa gundi na skrubu. Kifuniko cha juu kiwe cha skrubu peke yake, kifunguke siku ya usafi.

2. Toboa tundu la kuingilia kwenye ubao wa mwisho mmoja, upande wa kushoto, kipenyo cha sentimita 12. Toboa la kutokea kwenye ubao wa mwisho wa pili, upande wa kulia, kipenyo hichohicho.

3. Tandika sponji ya sentimita 4 kwenye kuta za urefu, sakafu na kifuniko, kwa gundi. Acha matundu wazi.

4. Kata vizuizi viwili vya plaiwudi, upana wa sentimita 21, kimo sawa na boksi. Kata sponji ya sakafu, ya kifuniko na ya ukuta vinaposhikana nao, ili vikae vizuri juu ya mbao. Cha kwanza kiko sentimita 20 kutoka mwanzo, kimeshikana na ukuta wa kushoto. Cha pili kiko sentimita 40, kimeshikana na ukuta wa kulia. Vyote viwili vipe sponji ya sentimita 2 kila upande.

5. Pima upenyo unaobaki kati ya ncha ya kizuizi na sponji ya ukuta wa pili. Uwe sentimita 10. Kwa kimo kinachobaki cha sentimita 22, njia ya hewa ni sentimita za mraba 220. Mdomo wa feni ni kama 113. Sheria ninayoifuata: njia isiwe chini ya mara moja na nusu ya mdomo wa feni. Wanaobana njia ili "kelele zisipite" wanapata mluzi, kisha wanaongeza volti, kisha wanarudi walikoanza.

6. Chomeka kile kipande cha sponji chenye feni kwenye chumba cha mwisho, kikiegemea tundu la kutokea, mdomo wa feni ukilingana na tundu. Mshale wa hewa uelekee kabatini. Feni nyingi hupuliza kuelekea upande wenye stika na vile vijiti vinavyoshikilia mota.

7. Waya pitisha kwenye kitundu kidogo, ziba kwa silikoni. Adapta na soketi vikae nje ya boksi, mbali na maji. Sponji ya godoro inashika moto haraka na moshi wake ni sumu, kwa hiyo humu hakuingii kiungo chochote cha umeme wa ukutani. Ukitaka kuweka feni ya umeme wa ukutani ndani ya boksi, tandika sufi ya mawe (rock wool) iliyofunikwa kitambaa badala ya sponji.

8. Funika tundu la kuingilia kwa neti na kitambaa cha kuchujia. Kisiwe karibu na panga. Kitu chochote kilichokaribiana na panga kinaifanya hewa ifike imevurugika, na feni inalia upya. Kwenye boksi hili vipo mbali, kwa hiyo usijali.

Kabla ya kufunga kifuniko, inama uchungulie tundu la kuingilia kwa tochi. Ukiliona panga, vizuizi vimekaa vibaya: sauti nayo inakuona.

Onyo kwa mara ya pili, kwa sababu kuna atakayelipuuza: usiweke boksi hili upande wa kutolea hewa. Sponji yenye unyevu na spora ni shamba la ukungu wa kijani, na ukiingia kwenye mifuko utatupa mzao mzima.

Umefaulu ukipima tena mahali palepale pa hatua ya 2 na desibeli zimeshuka, huku karatasi ikiendelea kupepea kwenye mdomo wa kutolea hewa wa kabati. Vyote viwili. Kelele zikishuka na karatasi ikilala, umeziba njia tu, hujanyamazisha kitu.

## Hatua ya 7: Ziba mlango, fungua pa kutokea

Feni inapiga kelele pande zote mbili. Za mbele zimeingia kabatini. Usiziache zitoke mlangoni. Bandika mkanda wa sponji kingo zote nne, funga mlango, washa tochi ndani usiku uone mwanga unapopenya. Palipo na mwanga pana sauti na pana spora. Upenyo mwembamba kama kadi ya simu kwenye urefu wote wa mlango unaharibu kazi ya plaiwudi yote.

Tundu la kutolea liwe upande wa pili wa kabati, chini, ili hewa ikatishe mifuko yote kabla ya kutoka. Liwe la inchi 4 au zaidi. Unganisha PVC na kona mbili, peleka nje ya dirisha, mdomo uangalie pasipo na dirisha la mtu. Weka neti.

Ndani ya kabati, mbele ya tundu la kuingiza hewa, weka kipande cha plastiki kama ngao, umbali wa kiganja, hewa isipige mfuko mmoja moja kwa moja. Uyoga unaopigwa upepo hukauka kingo na kuwa wa njano.

## Usiku: taima au la?

Kwa hesabu yetu feni inaweza kufanya kazi nusu saa na kupumzika nusu saa. Mchana fanya hivyo ukitaka. Usiku mimi naiacha ikizunguka mfululizo kwa volti za chini. Sikio huzoea sauti ndogo isiyobadilika, lakini kila feni inapowaka upya mtu aliyelala nusunusu anashtuka. Jirani yangu hakulalamikia ukubwa wa sauti. Alichoniuliza ni, "Hiyo pampu yenu inalala saa ngapi?" Kilichokuwa kinamuamsha ni taima.

## Ukifika hapa na bado inalia

Mvumo mzito unasikika chumba cha jirani tu. Sponji haimezi sauti nzito. Rudi hatua ya 5. Kuna mahali feni, boksi au bomba linagusa mbao au ukuta. Mara nyingi ni PVC iliyobanwa na dirisha. Ifunge tyubu ya baiskeli pale inapopita.

Mluzi mwembamba. Kuna tundu dogo hewa inalazimishwa kupita, au kichujio kimejaa vumbi. Toa kichujio dakika moja. Mluzi ukikoma, kifue.

Tik-tik-tik. Waya au uzi wa sponji unagusa panga.

Kelele zilikuwa zimekwisha, zimerudi baada ya miezi. Vumbi au beringi. Fungua kifuniko, rudia hatua ya 3.

Kimya kabisa, lakini mashina yanarefuka. Umeshusha mno. Panda ngazi moja ya volti, ngoja chipukizi la awamu inayofuata, maana uliokwisha kurefuka hautarudi. Kofia zikitoka pana na mashina mafupi, hapo ndipo mahali pa kuiacha hiyo swichi ya adapta. Ibandike mkanda juu yake, watoto wasije wakaigeuza.

Kichujio fua kila wiki mbili, kila wiki wakati wa kiangazi chenye vumbi. Sponji ya boksi inafunguliwa na kunuswa kila baada ya mzao. Ikinuka uvundo, itoe yote uweke nyingine kabla ya kuingiza mifuko mipya.